Fowadi wao mmoja anatufunga apendavyo: tumkabe vipi?

*"Mwalimu, mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wanaume ya mpira wa vikapu katika chuo kimoja hapa Nairobi. Mechi ya kwanza tulilala 61-54. Fowadi wao, kijana wa futi sita na nusu hivi, alitufunga 28 peke yake: mitupo 11 kati ya 17, na mitupo huru 6 kati ya 8. Pointi tatu hakujaribu hata moja. Wenzake wote walirusha mara 41 ndipo wakapata zile 33 zilizobaki. Tulimpa mchezaji wetu mrefu kuliko wote amkabe, akatolewa kwa faulo tano katika robo ya tatu. Baadaye tukawa tunamvamia wawili kila akishika mpira, tukimtuma aliyelinda kona ya upande ule ule, nao wakatupiga pointi tatu mara nne kutoka hiyo kona. Tunarudiana baada ya siku kumi, ukumbini Nyayo, na tuna mazoezi manne tu kwenye uwanja wetu wa saruji. Wengine hapa wanasema tucheze boksi na mmoja, yaani wanne walinde eneo na mmoja amfuate yeye tu. Yule mrefu wetu naye goti linamsumbua tangu siku ile. Tutamzimaje huyu kijana?"*

Kocha, hamtamzima. Mchezaji anayeingiza mitupo 11 kati ya 17 akiwa ndani atafunga tu, hata mkimwekea nani. Cha kujiuliza ni kama hizo pointi atazipata kwa raha au kwa jasho, na kama mipira mingine mitano au sita inaweza kuishia mikononi mwa wenzake.

Umenipa hesabu, basi tuitumie. Mitupo 17, ongeza safari kama nne za kwenye mstari wa mitupo huru, inakuwa mashambulizi 21 yaliyoishia kwake. Pointi 28 gawa kwa 21, unapata 1.33. Wenzake: 33 gawa kwa 41, ni 0.8. Kwa hiyo kila shambulizi linalotoka kwake likaenda kwa mwingine, mnaokoa zaidi ya nusu pointi. Sasa tuseme mmempunguzia mashambulizi matano, na yale 16 yaliyobaki mmeyafanya magumu hadi anapata pointi moja kwa kila moja. Atafunga 16. Wenzake wakimaliza mara 46 kwa kiwango kile kile watapata 37. Jumla 53. Nyinyi mlifunga 54. Ni kwa kubana sana, lakini mechi ni yenu, na huyo kijana bado atatoka uwanjani akiwa mfungaji bora.

Kosa la kwanza lilikuwa kumtafutia mrefu mwenzake. Inaonekana ni akili ya kawaida, ila posti, yaani mchezo wa karibu na ringi, haichezwi kwa kimo, inachezwa kwa nyonga. Mwenye makalio ya chini ndiye anayemsukuma mwenzake, na mrefu wenu akisimama mgongoni kwa fowadi, magoti yamenyooka, mikono juu akisubiri kuzuia mtupo, ameshachelewa. Mpira umeshafika, mpokeaji yuko mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, na kilichobaki kwa mlinzi ni kuchagua kati ya kikapu na faulo. Zile faulo tano zilitokana na mahali mpira ulipopokelewa. Tabia ya mlinzi wenu haikuwa na kosa kubwa. Mpeni kazi hii mchezaji mwenye mapaja mazito, miguu mepesi na ubishi, hata kama ni mfupi kwa sentimita nane. Wekeni wawili wa namna hiyo, mkiweza watatu, wapokezane kila dakika nne au tano, maana kazi ninayoieleza hapa chini inachosha kuliko kitu chochote kingine katika mchezo huu.

Kabla ya mazoezi, chukueni video ya mechi ya kwanza, hata ya simu, mchore uwanja kwenye karatasi. Kila alipopokea mpira wekeni nukta pale miguu yake ilipokuwa, kisha muandike: alifunga, alikosa, alitoa pasi, alipata faulo. Mtaona nukta zimejazana mahali pamoja. Halafu, uwanjani kwenu, chukueni chaki mchore nusu duara ya mita mbili na nusu kutoka chini ya ringi, yaani mara mbili ya ile nusu duara ndogo ya kutochaji (ambamo mshambuliaji akimgonga mlinzi hahesabiwi kosa la kuchaji), ambayo ni mita 1.25. Huo ndio mpaka wenu. Akipokea ndani ya mpaka, mlinzi ameshindwa, hata kama mtupo ule utakosa. Akipokea nje, mlinzi ameshinda, hata kama mpira utaingia. Wachezaji huchukua muda kulikubali hili kwa sababu macho yao yako kwenye ubao wa matokeo. Lisemeni kila siku.

Sasa kazi yenyewe. Chukulia kwamba fowadi amejikita upande wa kushoto wa kikapu (kushoto kwa anayetazama ringi) na mpira uko pembeni upande huo huo, usawa wa mstari wa mitupo huru. Mlinzi asikae mgongoni. Akae upande wa katikati ya uwanja, nusu mbele nusu ubavuni: mguu mmoja umevuka mbele ya mguu wa fowadi, paja limegusa paja, kifua kimelala kwenye bega lake, na mkono mmoja umenyooka kwenye njia ya pasi, kiganja kikiutazama mpira. Mkono wa pili aukunje karibu na kifua, asimshike nao wala kumsukuma. Mpira ukishushwa kona, mlinzi apite mbele ya fowadi, asizunguke nyuma. Ni hatua mbili fupi: mguu wa mbele unaelekea mstari wa mwisho, wa pili unafuata, na sasa yuko mbele kabisa, mgongo wake kwenye kifua cha fowadi. Mpira ukirudi pembeni, anarudi alikotoka kwa njia hiyo hiyo ya mbele. Akijaribu kupita nyuma, atafungiwa nje na mpira utamfikia mwenzake kwa starehe.

Kwa nini upande wa katikati? Kijana anayetumia mkono wa kulia, akiwa posti ya kushoto, hupenda kugeukia katikati kupitia bega la kushoto, kisha anarusha kwa mkono mmoja juu ya kichwa. Ringi iko kushoto kwake, mwili wake unaukinga mpira, na hakuna wa kuufikia. Mkikaa upande huo, mnampeleka kwenye mstari wa mwisho, ambako atalazimika kutumia mkono wa kushoto au kurusha akianguka nyuma. Lakini thibitisheni kwenye video kwanza. Kama ni mtu wa mkono wa kushoto, au kama anapenda kwenda mstari wa mwisho, geuzeni yote niliyosema.

Kumkaba mbele kuna bei yake. Mlango wa nyuma unabaki wazi, na pasi ya juu ikipita ni kikapu cha bure. Kwa hiyo hauchezwi na mtu mmoja. Unahitaji wa pili kwenye mpira: anayetoa pasi abanwe kwa umbali wa mkono, viganja vikiufuata mpira unakokwenda, asipate hata sekunde moja ya kusimama wima na kutazama. Pasi nzuri ya posti hutolewa na mtu aliyetulia. Tena unahitaji wa tatu, mlinzi wa upande usio na mpira, asimame kwenye mstari wa kufikirika unaounganisha ringi mbili, miguu yote miwili ndani ya eneo la sekunde tatu. Wachezaji wengi wanaokesha wakitazama NBA hudhani hilo ni kosa. Sheria ya sekunde tatu kwa walinzi ni ya NBA. Katika sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa vikapu, ambazo ndizo zinazotumika huku, sekunde tatu zinamhusu mshambuliaji peke yake, na hata vyuo vya Marekani havina sheria hiyo kwa walinzi. Huyo wa tatu anaweza kukaa pale chini hata sekunde zote 24 za shambulizi. Mwambieni akae.

Bei ya pili ni ribaundi, mpira unaorudi mtupo ukikosa. Mlinzi aliye mbele ya fowadi yuko nje wakati mpira unapogonga ringi. Anayemfungia fowadi nje hapo ni yule wa upande wa pili, na lazima ajue hivyo kabla ya mtupo, asiongoje hadi uwe hewani.

Tukija kwenye kuvamia wawili, wazo lilikuwa sawa, ila mlikosea wakati na mkamtuma mtu asiyefaa. Mlivamia mpira ulipofika tu, fowadi akiwa bado hajadunda na macho yake yanaona uwanja mzima. Mkamtuma aliyekuwa akilinda kona ya karibu, yaani mkaacha wazi mtu aliye umbali wa pasi moja fupi. Kutoka posti hadi kona ile mpira unaruka kwa muda mfupi kuliko mlinzi anavyoweza kugeuka. Pointi tatu nne ni pointi 12, na nyinyi mlishindwa kwa saba.

Subirini dundo la kwanza. Mpira unapogusa sakafu, yeye ameupa uwanja mgongo, macho yako chini, na akiushika tena hawezi kudunda upya. Hapo ndipo yule wa tatu, ambaye tayari yuko ndani, atoke upande wa mstari wa mwisho amfungie. Goti la mvamizi liguse goti la mwenzake, pasiwe na mwanya, mikono yote minne iwe juu. Msiupige mpira kuelekea chini, refa atapuliza na yeye ataenda mstarini. Mnachokitafuta ni pasi ya juu, ya polepole, inayoelea kwenda upande wa mbali. Wakati inaelea, watatu waliobaki wanahama: wawili wanabaki na wapokeaji wa karibu walio na hatari zaidi, mwingine anasimama katikati ya wale wawili wa mbali na kumkimbilia atakayepewa. Mvamizi naye, pasi ikitoka tu, asimame kumtazama nani? Akimbie kwa mtu aliyebaki. Hiyo ndiyo hatua inayosahauliwa na timu nyingi: mvamizi anaridhika kwamba ametimiza wajibu, anapunguza mwendo, na mpira wa pili unamkuta mtu peke yake.

Wa kuachwa awe yule mnayetaka arushe. Rudini kwenye video mtazame wale wanne. Kwa mitupo 41 na pointi 33, huenda wapo wawili angalau ambao hawawezi kuwaumiza kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu. Aliyewapiga kutoka kona asiachwe tena hata kwa nusu hatua.

Kuhusu boksi na mmoja, sikatai moja kwa moja, lakini watu hulipenda kwa sababu ya jina. Mfano maarufu ni fainali za NBA za 2019, mchezo wa pili, Toronto walipomwekea Stephen Curry wa Golden State mtu wake na wanne wakakaa boksi. Lilifanya kazi kwa muda kwa kuwa Kevin Durant hakuwepo na Klay Thompson alikuwa ametoka na jeraha, hivyo Golden State hawakuwa na warushaji wengine wa kutisha. Hata hivyo Golden State walishinda 109-104. Na Curry huanzia mbali, akikimbia kwenye skrini (mwenzake anayesimama kumzibia mlinzi njia) na kudunda. Fowadi mnayemkaba yuko mita mbili kutoka ringini. Kumfukuza mtu wa posti kwa boksi ni kuwapanga walinzi wanne mahali ambapo tayari mngekuwa nao, huku kona zote mbili zikibaki wazi na hakuna anayejua ribaundi ya nani. Kama mna mazoezi manne, msiyamalizie huko. Liwekeni kama mchezo wa dakika tatu, mkitoka mapumzikoni labda, ili kuwavuruga, halafu mrudi.

Ulinzi wa eneo wa 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma) ni chaguo lenye heshima zaidi, hasa walinzi wenu wakianza kulemewa na faulo. Udhaifu wake ni pembe za mstari wa mitupo huru, na kama fowadi huyu anajua kusimama pale, kupokea na kutoa pasi, atawagawanya vipande. Kama anajua kupokea akiwa na mgongo kwenye ringi tu, jaribuni.

Kwa timu fupi inayokutana na jitu, mfano bora wa chuo ni Fairleigh Dickinson dhidi ya Purdue, Machi 2023. Purdue walikuwa na Zach Edey, mita 2.24. Fairleigh Dickinson walikuwa miongoni mwa timu fupi kabisa nchini Marekani. Walimkaba mbele, wakamzunguka nyuma, wakabana watoa pasi. Edey bado alifunga 21 na kuchukua ribaundi 15. Ila wenzake waliachiwa warushe, na Purdue kama timu wakaingiza pointi tatu 5 kati ya 26. Fairleigh Dickinson walishinda 63-58.

Msimpeleke kwenye mstari wa mitupo huru kwa hasira. Anaingiza 6 kati ya 8, yaani safari moja ina thamani ya pointi moja na nusu, zaidi ya wastani wa mtupo wake wa ndani. Na kumbukeni kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, kila faulo ya kawaida ya mlinzi inawapa wao mitupo miwili. Akigeuka kurusha, mlinzi aruke wima, mikono juu ya mabega yake mwenyewe, aishie pale alipoanzia. Mwili wima una haki yake kisheria. Mkono ukishuka hata kidogo, haki hiyo imekwisha.

Kitu kimoja ambacho hukukitaja lakini nadhani kipo kwenye video yenu: vikapu anavyopata kabla ulinzi haujapangika. Fowadi wa aina hii hukimbia moja kwa moja hadi mbele ya ringi, anafungua kifua, anaita mpira. Hapo mafunzo yote niliyoyaeleza hayana kazi. Mtu wake akutane naye katikati ya uwanja, amkate njia kwa kifua, amlazimishe kupinda. Kila sekunde anayochelewa ni yenu. Pokeo lake la kwanza likitokea saa ya shambulizi ikiwa imebaki sekunde 10, hatakuwa na nafasi ya kutoa mpira, kuudai tena na kujikita upya.

Na mshambulieni. Fowadi anayecheza dakika 35 hupenda kupumzika akiwa analinda. Mchezaji wenu anayelindwa naye ndiye aweke skrini kila mara, mlazimisheni fowadi atoke nje, ateleze, arudi. Faulo mbili za mapema kwake zina thamani kuliko mbinu yoyote iliyo hapa.

Mazoezi manne yagawanywe hivi. La kwanza, posti tu, wawili kwa wawili: mtoa pasi, mlinzi wake, fowadi na mlinzi wake. Dakika 25, na anayehesabu aseme kwa sauti "ndani" au "nje" kila mpira unapopokelewa kulingana na chaki. La pili, wanne kwa wanne, uvamizi kwenye dundo la kwanza, kwanza kwa kutembea, kisha nusu mwendo, kisha mbio. Msiharakishe hatua ya kutembea. Kundi likigongana likitembea, likikimbia litagongana zaidi. La tatu, watano kwa watano, mkianza na mpira wa kurudi nyuma haraka ili mjifunze kumkuta katikati ya uwanja. La nne liwe fupi, mkague mara moja kila kitu, na mazoezi ya ribaundi. Anayeigiza fowadi awe mtu mzima mwenye mwili, mchezaji wa zamani au kocha mwenyewe. Kijana mwembamba wa akiba hatawafundisha chochote.

Mawili hayajibiki kwa maandishi. Tafuteni refa mwenye leseni aje kwenye zoezi la pili au la tatu, apulize faulo zote za posti jinsi angepuliza siku ya mechi, mumlipe nauli. Mlinzi wenu atajua mkono wake unakosea wapi, na atalijua kabla faulo hazijahesabiwa kwenye mechi. La pili ni goti. Kama limevimba, kama linakwama katikati ya kukunjwa, kama linalegea akishuka ngazi, asikanyage uwanja hadi daktari au mtaalamu wa viungo alishike kwa mikono yake. Dawa ya kupaka na bandeji vinaficha maumivu, havitibu kilichochanika. Hata likiwa jepesi, asipewe kazi ya posti mechi hii. Akipona, kazi ya yule wa tatu ndani, ya kukatiza pasi za juu, inamfaa zaidi kwa kimo chake.

Siku yenyewe fikeni mapema, mtembee sakafuni. Ubao wa ukumbini hautelezi kama saruji yenye vumbi, na soli zilizozoea vumbi zifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupasha misuli moto. Mtu mmoja kwenye benchi awe na karatasi yenye safu mbili, ndani na nje, akihesabu mapokeo yake. Mapumzikoni tazameni karatasi hiyo kwanza. Akiwa na pointi 8 kutoka kwa mitupo 8, nyingi zikitoka nje ya mpaka, msibadilishe kitu chochote. Akiwa na 10 kutoka kwa mitupo mitano, zote ndani, basi anayebana mpira hajafanya kazi yake, na mabadiliko yaanzie kwake, si kwa mlinzi wa posti.